Laza, Usitupe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwomba Ambakisye anikanyage mgongo.

Wengi wetu tumekua na tiba hiyo. Mtu mzima anarudi shambani kiuno kinamuuma, analala kifudifudi kwenye mkeka, mtoto anapanda na kutembea juu yake kwa vinyayo vyake vidogo, na mkubwa anaguna kwa raha. Mimi sikutaka mtoto. Nilitaka mtu mzito. Niliamini kwamba kitu kikikataa kunyooka ni kwa sababu hakijakandamizwa vya kutosha, iwe kola ya shati au mgongo wangu.

Ambakisye alikuwa fundi mwenzangu. Tulipanga kibaraza kimoja mtaa wa Soweto, Mbeya, cherehani zetu zikitazamana. Yeye alishona sare za shule na hakujisumbua na mengine. Mimi nilishona suti. Sikufundishwa na mtu. Nilinunua makoti ya mtumba, nikayafumua mshono mmoja mmoja nione yalivyojengwa, kisha nikayarudisha kama yalivyokuwa. Mshono wangu ukipinda kidogo tu, kiasi ambacho mteja asingekiona maisha yake yote, niliufumua na kuanza upya. Ambakisye aliniita Fundi Mkuu, na hakuwa ananisifia.

"Kaka, mimi nina kilo tisini," aliniambia siku ya kwanza nilipolala sakafuni. "Nitakuvunja."

"Panda."

"Tutafute mtu mwepesi basi."

"Panda bwana. Usiniletee upole hapa."

Alipanda huku ameshikilia ukuta, akijaribu kupunguza uzito wake. Nilimwambia aachie ukuta. Ikawa hivyo kila jioni tukifunga kazi, kwa wiki tatu. Nilipata nafuu ya nusu saa, kisha maumivu yakarudi na ndugu zao. Yeye aliomba tuache. Mimi nilisema aongeze.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amelala chali anaangalia dari, na kwa ajili ya yule ambaye bado anatembea ila mgongo haumwachi. Sina elimu ya udaktari. Ninachokijua ni kilichonipata.

Dalili zilikuwepo, na nilizishona kwa mikono yangu mwenyewe. Wakati wa mvua suruali zangu zilianza kulegea. Nikapunguza kiuno. Baada ya mwezi nikapunguza tena, na mwishoni mwa mvua mara ya tatu. Nakumbuka nilivyoigeuza ile suruali ya kijivu nikaangalia mshono na kufurahi kwamba huwezi kujua imeguswa. Sikujiuliza mwili umekwenda wapi. Jasho la usiku nilisema ni blanketi. Uchovu nilisema ni uvivu, nikauadhibu kwa kufanya kazi zaidi.

Kisha asubuhi moja niliweka mguu wa kulia kwenye pedeli ya cherehani na pedeli haikuwepo. Nilitazama chini. Mguu ulikuwa juu yake, ila mimi sikuwa na habari. Nilicheka kidogo. Ambakisye alinyanyua macho akaniuliza kuna nini, na nilipotaka kusimama nimwonyeshe, nilianguka katikati ya cherehani mbili.

Ni yeye aliyenibeba. Kwenye benchi la hospitali tulikaa tangu asubuhi mpaka saa tisa, yeye ameniegemeza begani kwa sababu peke yangu sikuweza kukaa. Kila aliyepita alisema "pole". Mama mwenye mtoto, mlinzi, mzee mwenye bandeji jichoni. Sisi ni watu wa pole. Mtu akijikwaa barabarani, anaambiwa pole na watu wasiomjua. Siku ile nililisikia neno hilo mara nyingi sana, likanipita kama upepo.

Baada ya picha na vipimo vya siku kadhaa daktari aliniambia ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo.

"Lakini mimi sikohoi," nilimwambia.

"Hiki hakikohoi. Kinakula mfupa."

Nilimweleza habari ya kukanyagwa. Alivua miwani. "Usikanyagwe tena kamwe," alisema. "Huenda kumekuongezea maumivu. Lakini ugonjwa haukuletwa na rafiki yako. Mfupa ulianza kuliwa muda mrefu kabla yake. Hata angekukanyaga paka, ungefika hapa hapa."

Naomba msomaji akumbuke maneno hayo. Niliambiwa siku ile ile ya majibu. Ambakisye alikuwa nje ya mlango kwa sababu chumba kilikuwa kidogo.

Baba alikuja kunichukua. Yeye ni mkulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni, ila uamuzi ulikuwa nikae Iringa mjini, Mlandege, kwa dada yake, maana pale hospitali iko karibu, ilhali kwa Baba kuna joto na shida ya usafiri. Walitoa viti vya nyuma vya gari dogo, wakatandika godoro, nikalazwa. Baba alikaa sakafuni kando yangu, kiganja chini ya kichwa changu, na kila tuta lilipokaribia alimwambia dereva neno moja.

"Taratibu, mwanangu."

Kati ya Mbeya na Iringa kuna matuta mengi. Tulipofika Makambako dereva alichoka.

"Mzee, kwa mwendo huu tutafika Krismasi."

"Tutafika," Baba alisema.

Nililala pale nikiona aibu kwa ajili yake. Lazima niseme wazi jinsi nilivyomchukulia baba yangu. Nilikua nikimwangalia akisimama kando huku wanunuzi wakijaza magunia ya vitunguu hadi yakaota nundu, lumbesa ile ambayo kila mkulima anajua ni kuonewa. Wenzake waligomba, walirusha mikono. Yeye alisema tu, "Jamani, mnazidisha," kwa sauti ya mtu anayeomba maji, na wao wakazidisha. Watu walimsifu kuwa ni mpole. Kwangu neno hilo lilikuwa jina jingine la mnyonge. Niliondoka nyumbani nikiwa nimejiapiza kwamba mimi mtu hatanisifia hivyo.

Kitu kingine nilichokikumbuka kuhusu Baba ni kauli yake wakati wa kuvuna. Kitunguu ukikitupa hakilalamiki, kinaonekana kizima, kisha wiki kadhaa baadaye kinaoza kutokea ndani na kuozesha wenzake. Kwa hiyo alipita katikati ya vibarua siku nzima akirudia, "Laza, usitupe. Laza, usitupe." Walimwigiza akigeuka mgongo. Na mimi nilimwigiza.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya vidonge vingi kila asubuhi. Mkojo ulibadilika ukawa na rangi ya soda ya machungwa, na mimi niliuona tu kwenye mfuko, kwa maana ulipita kwenye mpira. Kuanzia kitovuni kushuka chini sikuhisi kitu. Nilifungwa mkanda mgumu kiwiliwili. Nilikatazwa kukaa. Nilitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa chache nisipate vidonda vya kulala, na kugeuzwa kwenyewe kunataka watu wawili na akili moja: mabega na nyonga viende pamoja, mgongo usijikunje.

Shangazi alishika mabega, Baba nyonga. Ilikuwa Juni, na baridi ya Iringa mnaijua. Kabla ya kunigusa Baba aliweka mikono juu ya jiko la mkaa, akaisugua, akaijaribu shavuni kwake, ndipo akaja. Hakusema pole. Hakusema lolote isipokuwa kumhesabia dada yake. Mara ya kwanza Shangazi, ambaye ana haraka katika kila jambo, aliachia mapema, nami nikapiga ukelele.

"Dada," Baba alisema, "mlaze. Usimtupe."

Niligeuza uso ukutani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa kitunguu.

Wageni walikuja. Daktari alishatueleza kwamba ugonjwa wangu hauambukizi kwa kukaa na mtu, lakini jina la ugonjwa lilitosha. Walisimama mlangoni na kitambaa puani, wakasema pole, wakasimulia habari za mtu fulani aliyeugua hivyo hivyo akafa, wakaacha sukari na kuondoka. Nilijifunza kwamba neno pole lina mikono, na mikono hiyo inatofautiana. Hospitalini kuna muuguzi alilisema huku akivuta plasta kama anachuna ngozi. Kuna mwingine, mama mnene wa zamu ya asubuhi, hakulisema hata mara moja, ila kabla ya kila kitu aliniarifu: "Nakugusa mguu wa kushoto sasa." Mguu wenyewe haukuwa na hisia. Angeweza kuugusa bila kuniambia na nisingejua. Aliniambia kwa sababu bado ulikuwa wangu.

Ambakisye alipiga simu kila Jumapili akitoka kanisani. Alinieleza habari za kibaraza, nani kaja kuulizia suti, nani kamwambia mimi ni fundi wa dharau. Mara zote alimaliza kwa kuuliza, "Miguu imesema nini?" Mara zote jibu lilikuwa hakuna.

Jumapili ya tano au ya sita nilikuwa na siku mbaya. Shangazi alikuwa amenibadilisha shuka nilizochafua bila kujua, mbele ya jirani aliyeingia bila hodi. Simu ikalia. "Miguu imesema nini, Fundi Mkuu?"

"Imesema mtu wa kilo tisini aliikatia mawasiliano," nilimjibu.

Nilimsikia akijitenga na kelele za watu.

"Kaka, daktari amesema hivyo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Niliiona kabisa, kama unavyoona nafasi kati ya vifungo viwili.

"Unafikiri nini? Mgongo umevunjika. Nani alikuwa juu yake?"

"Pole," alisema, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa ukubwa ule. "Pole sana, kaka." Akakata. Hakupiga Jumapili iliyofuata, wala nyingine zote.

Sitasingizia kwamba ni ugonjwa ulioongea. Nilijisikia vizuri. Kwa muda wa jioni moja kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa na hali mbaya kama yangu.

Baba alikuwa chumbani wakati ule, akichambua mchicha. Jumapili iliyofuata ilipopita bila simu, kesho yake, akiniosha miguu kwa beseni la maji ya uvuguvugu kama alivyofanya kila asubuhi, aliniuliza.

"Yule kijana hapigi tena?"

"Hapigi."

"Ulimpa mzigo usio wake."

"Baba, wewe hukuwepo."

"Uliniambia mwenyewe alichosema daktari. Mambo ya paka."

Hapo nilisema niliyokuwa nimeyabeba tangu utoto. Nilimwambia asinifundishe namna ya kuishi na watu, yeye aliyeonewa maisha yake yote akanyamaza, yeye ambaye kila mchuuzi anamjazia gunia na kumcheka. Nilimwambia kwamba upole wake haujawahi kumsaidia mtu. Nilisema kwa sauti ya kusikika uani. Shangazi aliacha kutwanga.

Baba alikuwa akikausha katikati ya vidole vyangu, kidole kwa kidole, kwa sababu tuliambiwa unyevu unaleta fangasi. Alimaliza vyote vitano. Akakunja taulo upande mkavu.

"Lete mguu wa pili," alisema. Kisha akakumbuka kwamba siwezi kuuleta, akaunyanyua mwenyewe kwa mikono miwili na kuulaza mapajani kwake.

Nilisubiri hasira. Nilijua jinsi ya kuishi na hasira, ningeipokea. Haikuja. Alikausha mguu wa pili kwa muda ule ule aliotumia kwa wa kwanza. Nimefikiri sana juu ya hilo: wa pili alikuwa na sababu ya kuuharakisha.

Wiki iliyofuata nilimwomba anifungulie mkanda nikae walau kidogo, nina koti la bwana harusi nililoliacha nusu, linaniuma kichwani kuliko mgongo. Alikataa. Nilibembeleza, nikanuna, nikagoma kula. Alikataa kila siku kwa sauti ile ile ya kuomba maji, na hakulegea hata nukta moja. Ndipo nilipoanza kushuku kwamba labda sikuwahi kumwelewa mtu huyu. Alichokuwa ameamua kukilinda, alikilinda.

Vidonge vilipunguzwa idadi tulipomaliza awamu ya kwanza. Baba alirudi Mbuyuni kwa sababu miche ya vitunguu haingoji mtu. Siku ya kuondoka aliniamkia mlangoni, "Kamwene," kama asubuhi zote, akapasha mikono, akanigeuza mara ya mwisho. Kazi ya nyonga akapewa mtoto wa kike wa Shangazi, binti mwenye nguvu na haraka za mama yake.

Miezi ile ndiyo ilikuwa mirefu. Shangazi alikuwa gengeni, binti kazini. Nilijua jua linafika saa ngapi kwenye kila nondo ya dirisha. Nilisikia kwaya ya kanisani ikifanya mazoezi ya wimbo mmoja, sauti ya pili ikikosea mahali pale pale, na nilikuwa nawaombea waurudie ili wasiondoke. Nilikuwa na simu. Majina yalikuwa mengi humo. Mtu wa kumpigia alikuwa mmoja na nilikuwa nimemvunja.

Kisha mchana mmoja wa Septemba kitu kilinikera. Sikujua ni nini. Nilihisi kero ile ninayoihisi nikiona kazi mbaya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba inatoka chini ya kisigino cha kulia. Ni pindo la shuka. Lilishonwa ovyo, uzi umejirundika mahali pamoja, na mimi nilikuwa nalisikia kwa kisigino changu.

Niliita. Hapakuwa na mtu nyumbani. Nililia, nikacheka, nikapapasa simu. Sikumpigia Baba. Nilimpigia Ambakisye, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kila Jumapili miguu imesema nini, na sasa ilikuwa imesema. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Baada ya hapo nililala kimya na pindo langu baya mpaka saa kumi na moja Shangazi aliporudi.

Kujifunza kutembea kulichukua mvua zote zilizofuata. Nilitaka kumaliza kwa wiki. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja Mbena asiyependa maneno mengi, aliniweka kwenye fremu ya chuma na kuniambia hatua nne. Nilipiga tisa nikaanguka.

"Unakimbilia wapi?" aliniuliza huku akininyanyua.

"Nataka nifanye vizuri."

"Fanya nne."

Nne zilinitoa machozi kuliko tisa. Ilibidi niungoje unyayo wangu ufike chini, niuache ukae, niusikilize kama mtu anayemsikiliza mgeni mwenye kigugumizi. Sijawahi kuutendea mwili wangu hivyo. Niliuchukulia kama kitambaa cha mteja asiyelipa. Nilipotoka mazoezini nilikuwa natetemeka, nami nikajiambia maneno ya Baba, ya shambani, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie.

Nilimeza kidonge cha mwisho baada ya mwaka mzima. Wiki mbili baadaye nilipanda basi kwenda Mbeya na fimbo yangu. Soweto nilikuta kibaraza kina mtu anayeuza vocha. Nilielekezwa Uyole. Nilimkuta Ambakisye chini ya turubai, cherehani ile ile, rundo la sketi za shule za bluu. Alisimama. Nilidhani angekuja kunipokea, lakini alibaki upande wake wa meza, mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa asiguse bidhaa.

"Umetembea," alisema.

"Nimetembea. Nimekuja kukuambia jambo. Haikuwa wewe. Daktari alisema ugonjwa ulianza zamani, kabla hujanipanda."

"Alisema lini?"

Ningeweza kupunguza. Mimi ni hodari wa kupunguza.

"Siku ile ya majibu. Wewe ulikuwa nje ya mlango."

Alikaa. Aliingiza uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi, akautoa.

"Gwe," alisema, kwa namna ya kwao ya kumwita mtu, bila kuniangalia, "unajua mimi binti yangu simbebi? Ananiomba nimrushe juu kama zamani, namwambia baba yake anaumwa mikono. Mama yake kanishangaa mpaka kachoka. Mwaka mzima naogopa mikono yangu. Nakanyaga hata sakafu kwa kunyata."

Nilisema naomba msamaha. Nilisema kwa maneno niliyoyapanga ndani ya basi tangu Mafinga, na yote yalitoka yamepinda, sikuyafumua.

"Nimesikia," alisema. Akarudisha mguu kwenye pedeli na kushona upindo mzima wa sketi, mwanzo mpaka mwisho. Nilisimama nimeegemea fimbo. Sikujua kama nimefukuzwa. Alipokata uzi alisukuma kigoda upande wangu kwa mguu.

"Kaa taratibu," alisema. "Kigoda hicho kina mguu mbovu."

Nilikaa. Mteja mmoja alikuja akachukua sketi mbili. Nilipoondoka hakunishika mkono.

Leo natembea bila fimbo ndani ya nyumba na kwa fimbo barabarani. Nashona kwa saa moja, nainuka, hata kama mshono uko katikati. Mtu akilalamika mgongo na suruali yake imelegea, namwambia aende hospitali na asimpandishe mtu yeyote juu yake. Msimu uliopita nilikwenda Mbuyuni kuvuna na Baba. Siwezi kuinama, kwa hiyo nilikaa kwenye kreti nikapokea vitunguu na kuvilaza. Wanunuzi walizidisha lumbesa, na Baba akasema kwa sauti yake ile kwamba wanazidisha, na mimi nilisimama upande wake. Ambakisye hajarudi kushona nami, na sijamwomba. Amesema binti yake anarushwa juu tena. Jumapili mimi ndiye ninayepiga. Siku nyingine anapokea.